Mapazia ya chumba cha rangi moja: Busia na Tororo

Chumba cha rangi moja ni kile ambacho kuta, makochi, zulia na mapazia vinatoka katika ukoo mmoja wa rangi: krimu pamoja na kahawia hafifu na kahawia iliyokolea, au buluu kuanzia ya anga hadi ya wino. Hakina maana ya kila kitu kufanana. Pazia likilingana kabisa na ukuta, dirisha hupotea na chumba huonekana kama hakijamalizika. Kwa kuwa rangi imeshaamuliwa, kinachobaki kuchaguliwa ni kiwango cha kukolea, uzito wa kitambaa, ufumaji wake na jinsi kinavyopokea mwanga. Mwanga ndio wenye neno kubwa hapa.

Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na Tororo, upande wa Uganda, ziko kaskazini mwa ikweta, pungufu ya nyuzi 1. Saa sita mchana jua huwa karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo madirisha yanayotazama kaskazini na kusini hukingwa na upenu wa paa na hupata mwanga mpole. Yanayotazama mashariki na magharibi ndiyo hupigwa na jua la chini, asubuhi au jioni, ambalo hupenya hadi ndani na kupausha kitambaa. Katika chumba cha rangi nyingi mpauko huo hausumbui sana. Katika chumba cha rangi moja huonekana upesi, kwa sababu pazia lililofifia halilingani tena na kochi lililonunuliwa kwa ajili yake. Dirisha la magharibi linahitaji pazia lenye bitana, ili jua liimalize bitana kwanza. Poliesta pia hustahimili jua kuliko pamba, ingawa pamba hukunjika kwa kupendeza zaidi.

Mawingu nayo yana hesabu yake. Tororo inajulikana duniani kwa radi: kati ya 1967 na 1976 mji huo ulihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Chumba cha kijivu au buluu iliyokolea kinachopendeza saa nne asubuhi huwa pango mvua inapokaribia. Ndiyo maana tabaka mbili hufaa: pazia jepesi la neti lililo hafifu kuliko ukuta, na pazia zito lililokolea kuliko ukuta kwa hatua moja au mbili. Wingu likifunga, zito husukumwa pembeni na neti hubaki.

Vumbi hugawanya wanunuzi kuliko jambo jingine lolote. Barabara za udongo mwekundu hurusha vumbi linalokaa kwenye mikunjo, na malori yanayopanga foleni kuelekea mpakani huliongeza. Tororo, mji wa kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, ina vumbi lake la kijivu. Nyumba iliyo kando ya barabara ya udongo itakuwa na amani zaidi na ukoo wa kahawia na rangi ya mchanga kuliko nyeupe tupu. Atakayeshikilia nyeupe achague kitambaa chepesi kinachofulika kwa mikono na kukauka kabla ya mvua ya alasiri, la sivyo ataishi na krimu asiyoichagua.

Kununua ndiko kwenye starehe. Mpaka unapita ndani ya mji wa Busia, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe rasmi mwaka 2018, ukaguzi wa pande mbili hufanyika mahali pamoja. Mnunuzi analinganisha shilingi ya Kenya na ya Uganda kwa jora moja la kitambaa. Bei zisimsahaulishe jambo moja: majora mawili ya rangi ileile yaliyotiwa rangi kwa nyakati tofauti hayafanani, na tofauti hiyo hujitokeza yakitundikwa jirani. Mita zote za dirisha moja zikatwe kutoka jora moja, siku moja. Kipande cha mfano kipelekwe nyumbani kwanza, kitazamwe mchana na tena usiku chini ya taa, maana taa nyeupe huifanya krimu ielekee buluu, na taa ya njano huichapusha.

Mapazia ya mitumba hayauzwi kwa jora, na jozi kamili ni nadra. Kwa chumba cha rangi nyingi huo ni usumbufu, lakini kwa rangi moja ni bahati. Lenye mistari ya kufumwa, jingine laini kama satini, la tatu zito la kitani, yote ya kahawia, huupa ukuta uhai ambao seti mpya ya dukani mara nyingi haina. Yakipishana urefu, fundi cherehani huongeza pindo chini kwa kitambaa kilichokolea zaidi.

Vipimo havina siri. Upana wa kitambaa uwe mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa dirisha, ili mikunjo itokee hata pazia likifungwa. Mikunjo hiyo huzaa kivuli, na katika chumba cha rangi moja kivuli hufanya kazi ya rangi ya pili. Pamba ifuliwe kabla ya kushonwa, kwani hupungua. Bomba la pazia lifungwe juu kidogo ya fremu, bila kuziba matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha mengi ya huku. Madirisha ya chuma yanayofunguka nje yana kero yake: upepo hulivuta pazia kati ya nondo, na kutu huacha alama za rangi ya chungwa zisizotoka kwa sabuni. Kamba ya kulifungia pembeni hulimaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Katika chumba kimoja cha kupanga, pazia linalotenga kitanda na makochi huwa kubwa kuliko la dirisha, na la mlangoni huonekana kwanza kwa mgeni. Hayo mawili ndiyo yapewe rangi iliyokolea zaidi, na la dirishani libaki hafifu ili mwanga wa upande wa mbele ufike hadi kitandani.