Kiota cha Pili cha Shore

Mtu akaaye Buruburu au Kaloleni, jijini Nairobi, ambaye mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameshika, humsikia shore alfajiri akiimba juu ya ua wa kayaba, na siku moja, akiisogeza miiba kwa hadhari, akaona ndani yake kiota mithili ya kikombe, chenye mayai mawili au matatu yenye madoa ya zambarau, hujiona amepewa amana. Na asubuhi atakapokikuta kitupu, simanzi yake si ndogo. Aghalabu mdhalimu ni kunguru wa kifua cheupe, ambaye jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975, humpa riziki kiangazi na masika. Lakini paka, panya na nyoka nao wana sehemu yao, wala tusiwasahau wavulana wenye manati.

Msiba huo, katika nchi zetu za joto, ndio ada: viota vinavyoangamia aghalabu ni vingi kuliko vinavyofaulu. Shore huatamia kwa majuma mawili hivi, na makinda hukaa kiotani karibu muda kama huo, na hapo ndipo hatari huzidi, kwani kila safari ya wazazi wakileta wadudu ni dalili kwa adui aliyetulia tawini akitazama. Mwaka 1944 R. E. Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alichapisha hesabu zilizodhihirisha kwamba ndege wa Afrika hutaga mayai machache kuliko wa Ulaya. Na mwaka 1949 Alexander Skutch, aliyekaa Kosta Rika, akatoa rai kwamba makinda machache huhitaji safari chache, na safari chache huificha siri ya nyumba. Kwangu mimi rai hiyo ina nguvu, ingawa wataalamu wengine wametaja sababu nyingine.

Basi shore aliyeporwa hufanyaje? Hulia kwa fadhaa, huruka huku na huko, kisha, mvua ikiwa bado ipo na wadudu wangalipo, huhamia kichaka kingine, akafuma upya kwa nyasi na vijiti, akataga tena. Ndege wa Ulaya hubanwa na kiangazi kifupi. Wa kwetu ana masika na vuli, na huweza kujaribu mara kadhaa.

Kinachoniuma ni kwamba vichaka vya kuhamia vinapungua. Pale palipokuwa na ua wa kayaba sasa pana ukuta wa mawe, na nyuma yake ghorofa. Na ua uliosalia hukatwa katikati ya mvua, mayai yakiwa ndani. Hata kinda lililosalimika hutoka kiotani kabla mabawa hayajakomaa, likajificha chini ya majani siku kadhaa, wazazi wakililisha pale pale. Na mwenye huruma anayeliokota kulipeleka nyumbani hulitenga na wazazi walio juu yake, midomo imejaa panzi.