Python Mbili Katika Kompyuta Moja

Mtu akisimama njiani hapa Mushasha akaita "Yohana!", ataitika Yohana aliye karibu, wala si lazima awe yule aliyetakiwa. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Ukiandika neno "python", haikuulizi wataka Python ipi. Inayo orodha ya folda za kutafutia, iitwayo PATH. Huanza na folda ya kwanza, huenda ya pili, na programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo ifanyayo kazi. Nyingine zimelala tu. Basi mwanafunzi aliyeweka Python mpya jana, na leo akaona ya zamani ndiyo inayomjibu, asidhani mashine imerogwa. Ya zamani imetangulia katika orodha.

Lakini kwa nini mtu awe na Python mbili au tatu? Lugha hii ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Desemba 2008 likatoka toleo la 3, ambalo halikupatana na la 2 katika mambo kadha wa kadha. Mengine huonekana mara moja: ukiandika print "Habari" bila mabano, toleo la 2 lakubali, la 3 lakataa. Kosa la namna hiyo si baya sana, maana lapiga kelele. Baya ni lile linyamazalo. Tuseme mwalimu anayo programu ya zamani ya kutafuta wastani, na mtoto amepata jumla ya alama 119 katika masomo 2. Toleo la 3 litajibu 59.5. Toleo la 2 litajibu 59, nusu imetupwa bila neno lo lote. Na nusu ya alama yaweza kumfanya mtu arudie darasa. Toleo la 2 liliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini programu zilizoandikwa kwalo hazikufa siku ile.

Sababu ya pili ni umri wa mashine zetu. Kompyuta yenye Windows 7 haipokei Python iliyo mbele ya 3.8, na yenye Windows XP huishia 3.4. Ubuntu 24.04 nayo huja na 3.12. Kijana wa Muyinga mwenye mashine ya zamani akitaka kushirikiana na mwenzake wa Gitega mwenye mpya, hapana budi huyu wa pili aweke pia 3.8 na kuijaribia kazi yao humo.

Kuziweka si kazi ngumu. Kazi ni kuzitunza. Katika Windows, "py -0" hukuonyesha zote zilizomo, na "py -3.8 hesabu.py" huita ile uitakayo kwa jina lake kamili. Katika Ubuntu huandikwa "python3.8", ikiwa imewekwa. Jambo moja tafadhali lishikeni sana: msiifute Python iliyokuja na Ubuntu, hata ikionekana ya zamani. Ubuntu yenyewe huitumia kwa kazi zake za ndani. Wako waliofuta kwa nia njema ya kusafisha, wakawasha mashine na kuukuta uso wa kompyuta umetoweka. Wekeni mpya kando yake.

Kisha kila kazi ipewe chumba chake. Amri "py -3.8 -m venv alama" hutengeneza folda iitwayo alama, na vifaa vyote utakavyoongeza humo havitagusa kazi nyingine. Chumba hicho hakina Python kamili ndani yake, huegemea ile iliyokitengeneza. Ukiing'oa hiyo, chumba chaanguka.

Wengi hutaka kukinakili chumba kwenye flashi na kukipeleka mashine nyingine. Hakitafanya kazi, kwa kuwa njia za folda za mashine ya kwanza zimeandikwa ndani yake. Peleka orodha ya vifaa, uipatayo kwa "pip freeze > orodha.txt", ukatengeneze chumba kipya huko. Na kule kusiko na intaneti? Tafuta yenye intaneti, ya namna ile ile na yenye toleo lile lile la Python, uandike "pip download -r orodha.txt -d mizigo". Beba folda ya mizigo pamoja na orodha, na ufikapo uandike "pip install --no-index --find-links mizigo -r orodha.txt".

Kaka zetu waliokwisha kuondoka shuleni, walio mafundi wa kompyuta katika afya, wanalijua jambo hili kwa upande wa Java. DHIS2, inayokusanya hesabu za hospitali katika nchi nyingi, Burundi ikiwamo, yataka Java 17 tangu toleo lake la 41, na kabla yake ilitosheka na Java 11. Fundi anayehama huziweka zote mbili, akaielekeza kila programu kwa JAVA_HOME, na ile ya zamani haiondoi mpaka ya mpya imejaribiwa na hesabu za mwezi zimelingana.