Bastola ya Kwanza: 1911 ya Bei Poa, na Nani Anaishi Nyumbani Kwako

Tangu tufanye kile kipindi cha usalama wa nyumbani, swali linalojirudia kwenye meseji zenu ni hili: nataka bastola yangu ya kwanza, nataka ile ya kizamani ya kwenye filamu za vita, na sina dola elfu mbili. Ninunue ipi?

Naishi Houston, kwa hiyo haya ni ya Marekani, na hasa ya Texas. Walio London na Leicester, kwenu bastola za aina hii zilipigwa marufuku tangu 1997, hivyo someni tu kama hadithi. Na nyie wa Muscat na Dubai, hivyo hivyo.

Hiyo mnayoiita ya kizamani ni 1911. Jina ni mwaka tu. Jeshi la Marekani liliipitisha Machi 1911 na ikakaa kiunoni mwa askari wao hadi 1985, Beretta ilipochukua nafasi yake. Aliyeibuni ni John Moses Browning, mtu wa Utah, ambaye ukifuatilia utakuta nusu ya bunduki unazozijua zina mkono wake. Kabla ya kupitishwa ilifyatuliwa risasi 6,000 katika siku mbili. Ikipata moto sana wanaizamisha kwenye maji, kisha wanaendelea. Haikukwama.

Kuna kisa ndani yake ambacho muuza duka hatakwambia. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wamarekani walikuwa wanapigana Ufilipino, na kule kusini wakakutana na Wamoro, Waislamu wa Mindanao na Sulu, ambao hawakutaka kutawaliwa. Maafisa wakawa wanalalamika kwamba bastola zao za kaliba .38 hazimsimamishi mtu anayewajia mbio na upanga. Mwaka 1904 yakafanywa majaribio, ikaonekana inatakiwa risasi nene zaidi, .45, na 1911 ikajengwa kuizunguka risasi hiyo. Sasa sikia: leo hii 1911 nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa Marekani zinatengenezwa wapi? Marikina, pembeni ya Manila. Mimi mjukuu wa watu wa Tanga, waliotawaliwa na Mjerumani halafu Mwingereza, siwezi kuishika bila kulifikiria hilo. Haya, tuendelee.

Kiwanda cha Marikina ni Armscor, na bastola zake zinauzwa kwa jina la Rock Island Armory. Mshindani wao wa karibu ni Tisas, kutoka Trabzon, Uturuki. Mpya kabisa, zote mbili mara nyingi utazikuta kati ya dola 400 na 600, inategemea toleo na duka. Colt, kampuni iliyoanza nazo, iko karibu na dola 1,000. Zile zinazokamilishwa kwa mkono zinapita 3,000 bila aibu. Haki za ubunifu za Browning zilishakwisha zamani, kwa hiyo mwenye mashine yeyote anaweza kuitengeneza. Unapolipa zaidi, sehemu kubwa ya hela inaenda kwa fundi aliyekaa na tupa akizikaza sehemu zishikane vizuri, na kwenye mng'ao wa chuma. Risasi inatoka ile ile.

Nikiulizwa nichague moja kati ya hizo mbili, nasema Tisas, kwa sababu fremu yao ni chuma cha kufuliwa na cha Rock Island ni cha kumiminwa. Lakini kiukweli ni tofauti ambayo mtu wa bastola ya kwanza hataifikia. Rock Island wamezeeka kwenye kazi hii na ukikuta imeshuka bei chukua. Nilichonunua mimi ni Rock Island, kwa sababu hiyo hiyo.

Usichukue tu lile toleo linaloiga la jeshi kwa kila kitu. Linavutia, najua, lakini vile vialama vya kulengea vilivyo juu ya mtutu ni vidogo kama punje ya mtama, na nyuma kuna mkia mfupi ambao kwa baadhi ya mikono unaruhusu nyundo ikurudie na kukung'ata ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ongeza dola hamsini au mia upate toleo lenye alama kubwa za kulengea na mkia mpana. Macho yako na mkono wako vitakushukuru.

Kaliba nayo. Wazee wa kwenye viwanja vya shabaha watakwambia 1911 isiyokuwa .45 siyo 1911. Waache. Zipo za milimita 9, bastola ile ile, na risasi ya .45 hugharimu karibu mara mbili ya hiyo. Bastola unainunua mara moja, risasi unazinunua kila ukienda kujifunza, na bila kujifunza umenunua pambo la kilo moja na zaidi. Huo uzito, kwa njia, ni rafiki: chuma kizito kinameza teke, na cha milimita 9 kinapiga teke dogo kabisa. Mimi ni mwembamba, nilichukua ya 9, na sijutii.

Sasa namna inavyofanya kazi, maana hapa ndipo mtu anatakiwa ajiulize kama bastola hii inamfaa. Bastola nyingi za kisasa, kama Glock, hazina kitufe cha usalama cha kidole: unachomoa, unavuta triga, imelia. 1911 siyo hivyo. Nyundo yake lazima iwe imevutwa nyuma ndipo triga ifanye kazi, na baada ya risasi ya kwanza sehemu ya juu, slaidi, inairudisha nyuma yenyewe. Triga ni fupi na nyepesi, ndiyo maana watu wanalenga nayo vizuri hivyo. Kwa sababu ni nyepesi, Browning na jeshi waliweka sefti mbili: moja unaishusha kwa dole gumba, nyingine iko nyuma ya mpini na inaachia pale tu umeishika sawasawa.

Maana yake ni kwamba anayeibeba tayari kwa matumizi anaibeba nyundo ikiwa nyuma, risasi chemba, sefti juu. Ndivyo ilivyobuniwa, lakini inataka mazoezi mpaka dole gumba lisahau kuwa linafikiri. Na haina kitufe cha kuishusha nyundo taratibu. Ukijaribu kuishusha kwa kidole huku kuna risasi chemba, kidole kikateleza, imelia. Usifanye. Toa magazini (siyo la kusoma), toa risasi iliyo chemba, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba iko tupu.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka bastola ya kutembea nayo kiunoni kuanzia wiki ijayo, na hajawahi kushika hata moja, 1911 simshauri. Achukue kitu rahisi zaidi. Anayetaka kujifunza kulenga, kuelewa chuma kinavyofanya kazi, kuwa na kitu cha nyumbani ambacho atakitunza na kukifungua mwenyewe kusafisha, huyo ndiye namwambia karibu. Na kabla ya kununua, nenda kwenye kiwanja kinachokodisha, upige sanduku moja. Usinunue kwa sababu ya filamu.

Dukani, omba muuzaji akuonyeshe iko tupu, kisha uangalie nawe. Vuta nyundo. Ishike bila kubana ile sefti ya nyuma ya mpini, vuta triga: nyundo isianguke. Halafu shika vizuri, pandisha sefti ya dole, vuta triga, iachie, shusha sefti: nyundo isianguke hapo pia. Ikianguka popote, rudisha na uage kwa heshima. Ukishanunua, piga kama risasi 300 za kawaida zenye ncha ya mviringo kabla ya kuiamini. 1911 ya bei nafuu ikikwama, mara nyingi mkosaji ni magazini iliyokuja nayo. Nunua mbili za maana, Mec-Gar kwa mfano, na matatizo mengi yanaisha hapo.

Hayo yote utayapata kwingine pia. Ambacho wenzetu hawa hawatakuandikia ni nyumba zetu.

Fikiria nyumba ya Mmarekani kwenye video: mtu mmoja au wawili, chumba cha kulala, droo ya pembeni ya kitanda. Sasa fikiria kwetu. Mama anaishi nami. Dada analeta watoto wake wawili kila Jumamosi, wa miaka sita na tisa, na hawajui maana ya mlango uliofungwa. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, yuko chumba cha pili, amekuja kusoma. Sikukuu ikifika watu kumi na watano wanalala chini, shangazi anatafuta shuka kwenye kabati langu bila kuuliza, kwa sababu kabati la mtoto wa kaka yake ni lake. Droo ya kitanda? Droo yangu ya kitanda ni mali ya umma.

Nilipomwambia mama, alinyamaza akamaliza kukuna nazi kwanza. Kisha:

"Kwetu mwenye bastola ni askari au jambazi. Wewe ni yupi?"

"Mama, huku ni kawaida."

"Nimekuuliza wewe, sijakuuliza huku."

Tulizungumza siku tatu. Sikumzidi kwa hoja, na sidhani kama kuna siku nitamzidi. Tulichoafikiana ni masharti, na masharti ni yake: wajukuu wasijue ipo, yeye asiione, na siku yeyote ndani ya nyumba hii akiwa na huzuni isiyoeleweka, kitu hicho kitoke mara moja, bila mjadala. Hilo la tatu alilisema polepole. Alikuwa anamfikiria mtu, nami namjua. Na mama hajasoma takwimu yoyote, lakini yuko sahihi: zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua, na sisi ni watu ambao tunamwona kijana amejifungia chumbani mwezi mzima tunasema amechoka na shule. Nimeshapanga na rafiki ambaye hana mtoto wala mgeni: nikimpigia, anakuja kuichukua siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nilinunua sanduku la chuma lenye namba kabla ya bastola, na nimelifunga kwa bolti kwenye sakafu ya kabati. Dola 180. Risasi ziko kwenye sanduku jingine. Texas ni kosa la jinai kumwacha mtoto wa chini ya miaka 17 aifikie bunduki iliyo tayari kufyatuliwa, lakini mimi namwogopa dada yangu kuliko sheria.

Sasa makaratasi, na hapa naomba msome taratibu, maana wengi wetu tuna nyumba yenye pasipoti za rangi tatu. Dukani utajaza fomu namba 4473 na utapigiwa ukaguzi wa jina. Kwa bastola, duka kwa kawaida linataka uwe na miaka 21. Raia ananunua, na mwenye kadi ya kijani pia ananunua. Lakini sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliye hapa kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kuwa na bunduki au hata risasi, ukiacha misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Aliyekwisha muda wa viza pia haruhusiwi. Fomu inauliza na kuhusu bangi, na jibu la shirikisho halijali kwamba jimbo lako limeiruhusu.

Ndiyo maana binamu yangu hajui namba ya sanduku. Siyo kwamba simwamini, ni kijana mtulivu kuliko mimi. Lakini akiwa na namba, mwendesha mashtaka anaweza kusema anayo bastola, na viza yake ikaenda na maji. Vilevile simpeleki kiwanjani kupiga, hata akiniomba. Aliniomba. Nikamwambia subiri makaratasi yako, akacheka, akasema dada umekuwa balozi.

Na tafadhali, asitokee mjomba wa mtu akakwambia "wewe una uraia, ninunulie, hela hii hapa." Kununua kwa jina lako kwa ajili ya mtu asiyeruhusiwa ni kosa la shirikisho, kifungo hadi miaka 15. Na mwenye kadi ya kijani akipatikana na hatia ya kosa la bunduki anaweza kuondolewa nchini, hata kama amekaa hapa tangu darasa la pili. Mkatalie mjomba kwa adabu zote, shikamoo zote, lakini mkatalie.

Kwa waliouliza hela kamili, yangu ilikuwa hivi: bastola 479 kabla ya kodi, sanduku 180, darasa la siku moja 120, magazini mbili, kinga ya masikio na miwani karibu 90, na risasi za miezi mitatu ya mwanzo karibu 250. Ukiona bastola yenyewe haifiki nusu ya jumla, umehesabu vizuri. Kama bajeti yako nzima ni dola 500, nunua darasa na sanduku mwezi huu, uendelee kukodisha kiwanjani, bastola itakusubiri. Imesubiri tangu 1911.

Maswali ya kadi za kijani na viza yamekuwa mengi kuliko ninavyoweza kuyajibu, kwa hiyo kipindi kijacho tutakuwa na wakili wa uhamiaji. Tumeni yenu kabla ya Alhamisi, kwa sauti kama mnaweza, na kwa Kiswahili hata kikiwa cha kubangaiza. Mama anasikiliza vipindi siku hizi.