Kuosha vioo vya ghorofa bila kupanda ngazi: mambo ya kupima kabla ya kununua vifaa

Wafanyabiashara wanaoosha madirisha ya nyumba za ghorofa, maduka na hoteli Mombasa wanaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo wakiwa wamesimama chini, kwa kutumia maji yaliyoondolewa chumvi na burashi yenye mpini mrefu. Njia hii humwepusha mfanyakazi na hatari ya kuanguka. Hata hivyo ina gharama zake, hutumia maji mengi kuliko ndoo na kitambaa, na huleta hatari nyingine inayoweza kuua: nyaya za umeme.

Makala haya yanaeleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi, mahali isipofaa, na mambo ambayo mwenye biashara anapaswa kuyapima kabla ya kutumia akiba au mkopo wake.

Ngazi na sheria

Mtu anayeosha kioo akiwa juu ya ngazi anahitaji mkono mmoja wa kushika kifaa na mwingine wa kujishikilia. Chini yake huenda kuna kabro iliyolowa, mchanga au mteremko. Kuanguka kutoka ghorofa ya kwanza tu kunaweza kuvunja mgongo, na mara nyingi anayepanda ni kibarua wa siku, ambaye familia yake hutegemea ujira wa siku hiyo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuhakikisha usalama wa wafanyakazi wake, hata kama ni wawili tu. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka awakatie bima. Asiyekuwa na bima anaweza kulazimika kulipa fidia kutoka mfukoni mwake.

Nchini Uingereza, ambako mipini mirefu imeenea sana, kanuni za kazi za juu za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri aepuke kabisa kazi ya juu pale inapowezekana. Ngazi hazikupigwa marufuku, lakini swali la kwanza limekuwa: je, kazi hii inaweza kufanywa mtu akiwa chini?

Kwa nini kioo hubaki na madoa

Watu wengi hulaumu sabuni au kitambaa wanapoona madoa meupe kwenye kioo kilichotoka kuoshwa. Mara nyingi chanzo ni maji yenyewe. Maji ya mfereji na ya kisima hubeba chumvi na madini yaliyoyeyuka ambayo jicho haliyaoni. Tone likikauka, maji huenda hewani na madini hubaki kwenye kioo.

Pwani tatizo hili ni kubwa zaidi. Visima vingi vya Mombasa vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao hutia chokaa kwenye maji, na vilivyo karibu na bahari huweza kuingiwa na maji ya chumvi. Nje ya nyumba nako, upepo wa bahari huacha chumvi kwenye vioo. Ndiyo maana mwosha vioo wa kawaida hulazimika kukausha kioo kwa kifutio cha mpira kabla maji hayajakauka yenyewe, na ili akikaushe lazima akifikie. Hapo ndipo ngazi inapoingia.

Maji yakiondolewa madini karibu yote, hakuna kinachobaki kioo kikikauka. Mafundi wa magari wanaelewa jambo hili kupitia maji ya betri: hawajazi betri kwa maji ya bomba kwa sababu madini yake huiharibu. Maji ya kuoshea vioo kwa mpini mrefu yanakaribia usafi huo.

Usafi huo hupimwa kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka, kwa miligramu katika kila lita. Kwenye kifaa kipimo hicho huandikwa ppm. Maji ya bahari hufika takriban 35,000. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa maji ya kunywa yaliyo chini ya 600 hivi huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 ladha huharibika. Kwa vioo, kipimo kinapaswa kuwa 0 au karibu nayo. Kikifika 10, ni wakati wa kukagua machujio.

Maji husafishwa kwa hatua

Hatua ya kwanza ni chujio la mchanga na takataka. La pili ni la mkaa, linaloondoa klorini ili isiharibu sehemu inayofuata. Kisha maji husukumwa kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, mtambo uleule wa RO unaotumiwa na maduka mengi ya kuuza maji ya kunywa mitaani. Utando mzuri huzuia zaidi ya asilimia 90 ya madini. Mwisho, maji hupita kwenye chombo chenye punje za resini, ambazo hunasa madini yaliyosalia.

Mfano wa hesabu: maji ya kisima yakiwa na kipimo cha 600 na utando ukaondoa asilimia 95, hubaki 30. Resini ndiyo huyafikisha 0. Mtu akiruka hatua ya utando na kutegemea resini peke yake, resini hiyo italazimika kubeba madini mara 20 zaidi na itaisha upesi. Kwa maji magumu ya Pwani, hapo ndipo pesa nyingi zinaweza kupotea. Resini iliyoisha nguvu mara nyingi hutoa harufu kama ya samaki, lakini kipimo hutoa onyo mapema kuliko pua.

Utando huhitaji presha. Mahali ambapo maji ya mfereji huja kwa zamu au hutiririka kidogo, mwenye biashara atahitaji tangi la kuhifadhia na pampu ya kuongeza nguvu.

Kazi inavyofanywa

Maji safi hubebwa kwenye tangi ndani ya gari na kusukumwa na pampu ndogo ya betri kupitia mpira mwembamba hadi kwenye burashi. Mpini hurefuka kipande ndani ya kipande, kama eriali ya redio. Kwa biashara ndogo, mpini wa kufikia ghorofa ya pili au ya tatu hutosha. Mrefu zaidi huwa mzito, hupinda, na humchosha mfanyakazi mabega na shingo.

Mwoshaji huanza na fremu ya juu, kwa sababu uchafu wa fremu usipotolewa kwanza utadondoka kwenye kioo. Kisha husugua kioo chote, huku maji yakitiririka, na kumalizia kwa kukisuuza kuanzia juu kwenda chini. Sabuni haitumiki, kwani mabaki yake hunasa vumbi na kuacha michirizi. Kioo huachwa kikauke chenyewe.

Madirisha ambayo hayajaoshwa kwa miaka huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Ni vyema mteja aambiwe mapema kwamba siku ya kwanza huchukua muda mrefu, na kwamba kioo kitaonekana kimelowa mwoshaji akiondoka.

Mahali njia hii isipofaa

Madirisha ya luva, ambayo bado yako kwenye nyumba nyingi za Mombasa, hupitisha maji hadi ndani. Hali ni hiyo kwa fremu za mbao zilizooza na madirisha yasiyofungika vizuri. Matone ya rangi, saruji na mafuta hayatoki kwa maji matupu. Madoa ya zamani ya maji magumu, yaliyokwisha kula kioo, hayatoki kwa burashi. Upande wa ndani wa kioo utaendelea kuoshwa kwa mkono. Mwenye biashara anayeahidi kila kitu atalazimika kurudisha pesa.

Nyaya za umeme

Mfanyakazi aliyeshuka kwenye ngazi sasa ameshika kitu kirefu, kilicholowa, akikiinua karibu na nyaya. Mipini ya alumini na ya nyuzi za kaboni hupitisha umeme. Ya nyuzi za kioo haipitishi ikiwa mikavu na misafi, lakini kazini hulowa na ina mpira wa maji ndani yake. Kwa hiyo hakuna mpini wa kuaminiwa karibu na waya.

Katika mitaa mingi nyaya hupita karibu na roshani. Kabla ya kufungua mpini, mfanyakazi atazame juu na kuzunguka jengo. Mpini ushushwe kila anapohama kutoka dirisha moja hadi lingine. Kukiwa na waya unaoweza kufikiwa na mpini, hata ukianguka, upande huo usioshwe kwa njia hii. Kukiwa na shaka, Kenya Power hupatikana kwa nambari 97771. Kazi isimamishwe pia kukiwa na radi au upepo mkali.

Kibarua aliyekuwa akishika ngazi bado ana kazi: kuangalia nyaya, kuongoza mpira wa maji usiwakwaze wapita njia, na kuwaweka watu mbali na eneo la kazi. Kumwondoa ili kupunguza gharama ni kuondoa macho ya pili yanayohitajika.

Maji yenyewe ni haba

Mombasa hutegemea sana maji kutoka nje ya mipaka yake: chemchemi za Mzima katika Taita Taveta, visima vya Baricho katika Kilifi, na Marere na Tiwi katika Kwale. Wakazi wengi wanaujua mgao. Ni haki basi kuuliza kama maji yapaswa kumwagwa kwenye vioo.

Burashi moja hutumia takriban lita 1 hadi 2 kwa dakika. Saa nne za kusugua ni lita 240 hadi 480, wakati anayetumia ndoo huenda akamaliza siku kwa lita 40. Aidha, mtambo mdogo wa RO unaweza kutupa lita 1 au zaidi kwa kila lita safi inayopatikana.

Maji hayo yanayotupwa hayana uchafu mpya. Yana madini yaleyale yaliyokolea zaidi. Yanaweza kukusanywa kwa kusukumia choo au kupigia deki. Kama chanzo ni kisima cha chumvi, yasimwagiwe mimea. Njia bora zaidi ni kuvuna maji ya mvua kwenye paa safi la mabati wakati wa masika na vuli. Maji ya mvua huwa na madini machache sana, hivyo huokoa resini na pia hupunguza mahitaji ya mfereji. Maji yaliyoandaliwa kwa ajili ya vioo yasinywewe, kwa kuwa matangi na mipira yake haitunzwi kama vyombo vya chakula.

Hesabu kabla ya mkopo

Bei ya vifaa ni mwanzo tu. Mwenye biashara aandike pia machujio, resini, maji, umeme na mafuta ya gari. Kwa mfano wa hesabu tu: vifaa vya Sh180,000 vinavyotarajiwa kudumu miaka 3 vinadai Sh5,000 kila mwezi kabla ya gharama nyingine yoyote. Swali ni kama wateja waliopo wana madirisha ya kutosha yanayofikika kwa mpini, na kama watamwita tena baada ya mwezi au miezi miwili. Wateja wa mara moja kwa mwaka hawawezi kulipia mtambo.

Uzito nao uhesabiwe. Tangi la lita 250 likijaa lina kilo 250 za maji peke yake. Uzito huo usizidi uwezo wa gari au tuktuk, na tangi lifungwe imara, kwani maji husukuma mbele gari linapofunga breki.

Hatua za kuanzia

Kwanza, nunua au azima kifaa cha kupima madini na upime maji unayotumia sasa, ya mfereji na ya kisima kando kando.

Pili, nunua mtungi wa lita 20 wa maji ya RO kutoka duka la mtaani na uyapime. Baadhi ya maduka hurudisha madini kidogo kwa ajili ya ladha, hivyo usikisie. Kama kipimo kiko chini ya 10, osha dirisha moja la chini kwa burashi bila sabuni, lisuuze vizuri, na ulitazame likishakauka juani. Jaribio hili litakuonyesha mengi kabla ya kutumia pesa nyingi.

Tatu, orodhesha wateja wako na utie alama majengo yenye luva au nyaya za karibu.

Nne, hakikisha una leseni ya biashara ya kaunti, bima ya wafanyakazi, na kama unatumia kisima chako, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Maswali kuhusu usalama kazini hujibiwa na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Leba.

Tano, vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wanaweza kusajili biashara zao chini ya mpango wa AGPO, unaowatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali, zikiwemo za usafi wa majengo. Mikopo ya kuanzia hupatikana kupitia Hazina ya Uwezo, Hazina ya Vijana na Hazina ya Wanawake.

Kwa majengo ambayo jaribio litaonyesha hayafai, njia ya zamani itaendelea, na sharti la kumlinda anayepanda ngazi liko palepale.