Nani Amsemee Mtoto Aliyevuka Mpaka Peke Yake?

Munanila iko kwenye nyanda za juu za Kigoma, jirani na mpaka wa Burundi, katika eneo lililokuwa la Kasulu kabla ya Wilaya ya Buhigwe kuanzishwa mwaka 2012. Machafuko yalipozuka Burundi mwezi Aprili 2015, miongoni mwa waliovuka mpaka huo na kukimbilia Kigoma walikuwamo watoto wasio na mkubwa yeyote, wakapokelewa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye Nduta wilayani Kibondo.

Mtoto wa namna hiyo hutofautishwa na yule aliyetengana na wazazi lakini yuko na shangazi au kaka mkubwa, kwa kuwa asiye na mtu kabisa hutafutiwa malezi ya kambo, yaani familia ya kujitolea inayomlea kwa muda huku ikitembelewa na watumishi wa ustawi wa jamii. (Jina lenyewe halivutii, kwani masikioni mwa wengi kambo ni yule mama wa kambo wa kwenye ngano.) Anayewatembelea huangalia kama mtoto anakula sufuria moja na wenzake na kwenda nao shule, au amegeuzwa mchota maji na mwokota kuni wa nyumba.

Hata hivyo, kulea ni jambo moja na kusimama kisheria kwa niaba ya mtoto ni jingine. Hadi Januari 2017 Tanzania iliwatambua Warundi kuwa wakimbizi kama kundi, lakini utaratibu huo ulipokoma kila mwomba hifadhi alitakiwa kueleza sababu zake, na mtoto wa miaka 12 anaweza kujua kwamba nyumba yao ilichomwa asijue ilichomwa kwa nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ukimbizi, na inataka maslahi yake yatangulizwe. Lakini mama mlezi wa kambini, ambaye mara nyingi hana amri yoyote ya mahakama, hawezi kulinganishwa na Nidos, taasisi ya Uholanzi inayokabidhiwa na mahakama ulezi wa kisheria wa watoto wa namna hiyo.

Wakati huohuo ndugu huendelea kutafutwa kupitia barua za Msalaba Mwekundu, ambazo hupelekwa wazi bila kufungwa na huruhusiwa kubeba habari za kifamilia tu, kama vile jina la mama, kilima walikotoka na nani bado yu hai.