Maadui wawili katika mwili mmoja

Tangu kiwavijeshi vamizi alipogunduliwa Afrika mwaka 2016, wakulima wa mahindi hawajapumua. Kiwavi huyu hujichimbia ndani ya moyo wa mmea, kinyesi chake kikaziba mlango, na dawa inayopulizwa juu ya majani mara nyingi haimfikii. Lakini yupo anayeweza kumfuata humo: mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa nusu milimita hivi, aitwaye Steinernema carpocapsae.

Mnyoo huyu hawindi peke yake. Sehemu ya mbele ya utumbo wake ina kifuko, na humo hubeba bakteria aitwaye Xenorhabdus nematophila. Humwingia kiwavi kwa mdomo, kwa njia ya haja au kwa matundu ya kupumulia, na akishaifikia damu humtoa mwenzake. Bakteria huilemaza kinga ya kiwavi, huzaana kwa kasi na kumwaga sumu. Aghalabu siku 2 hazipiti kiwavi hajafa.

Ajabu kubwa, kwangu mimi, huanzia hapo. Mzoga wa mdudu kwa kawaida huoza upesi au hubebwa na sisimizi. Huu hauozi ovyo. Bakteria hutengeneza viuavijasumu vinavyowazuia vijidudu wengine, pamoja na kemikali zinazowafukuza sisimizi. Ndani ya ngome hiyo minyoo hula bakteria na tishu zilizolainika, huzaa kizazi baada ya kizazi, na chakula kikipungua watoto hutoka kwa maelfu, kila mmoja na mbegu yake ya bakteria.

Nchini Rwanda, watafiti walichukua minyoo ya aina hii iliyopatikana katika udongo wa nchi hiyo, wakaichanganya na jeli na kuitia moja kwa moja ndani ya moyo wa mahindi. Jeli ndiyo siri yenyewe, kwani jua na ukavu huiua minyoo haraka. Katika majaribio ya shambani ilipambana na viwavi sawa na dawa ya kemikali.

Kenya nayo ina wake: Steinernema karii, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1997. Naamini fedha za utafiti zielekezwe kwa minyoo wetu hawa, waliokwisha kuzoea udongo na joto la kwetu, na kwenye kazi ngumu ya kuwazalisha kwa wingi na kuwafikisha kwenye maduka ya pembejeo wakiwa hai.