Rufaa Pekee Haizuii Kukaziwa kwa Hukumu

Katika mashauri ya madai nchini Tanzania, aliyeshindwa ana haki ya kukata rufaa, lakini haki hiyo haimwondolei aliyeshinda haki yake ya kudai mara moja kile alichopewa na mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, katika Amri ya 39, kanuni ya 5, na Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, katika kanuni ya 11, zinatamka waziwazi kwamba kukata rufaa hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Msimamo huu una asili yake katika sheria ya India ya mwaka 1908, iliyotumika Tanganyika kabla Tanzania haijatunga sheria yake mwaka 1966, na Kenya nayo inao. Hata hivyo, wako wadaawa wanaoamini kwamba karatasi ya rufaa inatosha kumrudisha dalali wa mahakama anapofika mlangoni, na imani hiyo huwagharimu sana.

Kukazia hukumu ni hatua ambayo kwayo mshinda tuzo, yaani yule ambaye uamuzi umempa haki, huiomba mahakama ilazimishe utekelezaji wa tuzo, ambayo ni hati inayotaja kilichoamriwa. Mahakama yaweza kuamuru mali ya aliyeshindwa ikamatwe na kupigwa mnada, fedha zake zilizoko benki zishikiliwe, au yeye mwenyewe aondolewe katika nyumba na ardhi inayogombewa. Kwa kuwa rufaa huweza kuchukua muda mrefu kabla ya kuamuliwa, na nyumba iliyobomolewa leo haitarudishwa na ushindi wa baadaye, sheria imeruhusu ombi la kusimamisha utekelezaji, ambalo halimtafuti mwenye haki katika mgogoro wenyewe, bali hulinda kinachogombewa mpaka rufaa iishe.

Anayepinga uamuzi wa Mahakama Kuu huanza kwa kuwasilisha taarifa ya kukata rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe, kwa sababu bila taarifa hiyo Mahakama ya Rufani haina mamlaka ya kumsikiliza katika ombi hili. Ombi lenyewe hupaswa kufika mahakamani ndani ya siku 14 tangu apewe taarifa ya kukazia hukumu, au tangu ajue kwa njia nyingine kwamba maombi ya kukazia yapo, na liambatane na nakala za taarifa ya rufaa, hukumu, tuzo na taarifa ya kukazia. Kukosekana kwa nakala inayotakiwa huweza kulifanya ombi liondolewe mahakamani kabla hoja zake hazijasikilizwa, na ukali huu huwaumiza zaidi wananchi wasio na mawakili.

Kiini cha ombi ni hasara. Mwombaji hueleza kwa kiapo hasara kubwa itakayompata hukumu ikitekelezwa, na maelezo ya jumla kwamba ataumia hayatoshi. Akidaiwa fedha, sharti aoneshe, kwa mfano, kwamba kulipa kiasi hicho kutafunga biashara yake, au kwamba mshinda tuzo hana uwezo wa kuzirudisha rufaa ikifaulu. Sharti la pili ni dhamana, yaani kitu kitakachohakikisha kwamba tuzo itatekelezwa rufaa ikishindwa, kama vile dhamana ya benki au hati ya nyumba. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa adhabu kwa anayetafuta haki, lakini bila hilo rufaa ingegeuka maficho ya mdaiwa anayetaka kuhamisha mali yake huku mshindi akisubiri mikono mitupu. Mahakama ya Rufani yenyewe ililegeza ugumu wa sharti hili katika Ombi la Madai namba 11 la mwaka 2010, lililoletwa na kampuni ya Mantrac Tanzania, ilipoeleza kwamba si lazima dhamana itangulie amri, kwani ahadi thabiti ya kuitoa yaweza kutosha, mradi mahakama ipange muda wa kuitimiza.

Si kila uamuzi unaoweza kusimamishwa. Mdai ambaye shauri lake limetupwa, bila amri nyingine yoyote dhidi yake, hana cha kuomba kisimamishwe, kwa kuwa hakuna kinachotekelezwa. Vivyo hivyo, utekelezaji uliokwisha kukamilika hausimamishwi, hata kama hoja za rufaa ni nzito kiasi gani. Kwa hiyo mwananchi anayepokea taarifa ya kukazia hukumu aandike papo hapo tarehe aliyoipokea, kwani siku 14 huhesabiwa tangu taarifa hiyo ilipomfikia, hata kama bado hajapata wakili.